Uzito wa Kiti cha Pili

Mchana mimi ni mkaguzi wa mizani.
Naingia soko la Kangemi na mawe yangu ya shaba,
naweka kilo kwenye sahani, natazama sindano,
na muuza maharagwe ananitazama mimi.
Zikipotea gramu arobaini, naandika.

Shuleni mizani ilikuwa silabi, nane kwa nane.
Sikuiweza. Ya chuma naiweza.

Jioni narudi Buruburu, navua sare,
nafungua mlango wa nyuma:
fremu juu ya matofali manne,
mbavu tupu, mbuzi aliyekwisha kuchunwa.

Gathuku wa Kariobangi ndiye aliyeichomelea
kwa mchoro wangu nyuma ya kalenda ya benki.
Aliugeuza, akaugeuza tena.
"Hiki ni kitanda au ni geti?"
Ni gari.
"Milango iko wapi?"
Halina.
"Na paa?"
Halina.
"Basi nitakutoza bei ya kitanda."

Injini niliitoa Barabara ya Kirinyaga,
ya Korola iliyopinduka, ingali na tope jekundu
la mahali nisipopajua.
Niliiosha kwa mafuta ya taa usiku mbili
kabla sijathubutu kuiuliza kitu.

Kila kipande kimepita kwenye mizani.
Usukani, kilo moja na robo.
Mabano ya kiti niliyatoboa kwa drili
hadi Ayuma akauliza kama tutachujia chai.
Bolti ikizidi nati, nakata ncha: gramu tatu.
Gramu tatu mara mia mbili, piga hesabu mwenyewe.
Jirani, Bwana Ombima, hanisalimu
tangu mashine ya kuchomelea ilipozima umeme wa safu nzima
dakika ya themanini na nane, penalti ikipigwa.

Mwaka wa tatu nikaingiwa na tamaa.
Injini ya elfu moja mia tatu nikaiona mvivu,
nikaleta ya elfu moja mia sita, vali kumi na sita.
Ikadai rejeta kubwa. Rejeta ikadai feni.
Mwendo ukadai breki za diski mbele na nyuma.
Nilipopima tena: kilo thelathini na nane
zimeingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Nikaanza kupunguza. Taa ya ndani. Zulia.
Kioo cha mbele nikaweka kipande cha kukinga uso tu.
Nikapanda kwenye mizani mimi mwenyewe,
nikashuka haraka.
Kisha nikang'oa kiti cha pili. Kilo sita.

Ayuma hakusema neno.
Miaka mitatu amenishikia tochi,
anajua spana namba kumi kwa kuipapasa gizani.
Alileta kigoda cha jikoni,
akakiweka pale kiti kilipokuwa,
akaketi, akafungua kitabu chake cha jiografia.

Nilikirudisha usiku huohuo.
Kilo sita, na yeye arobaini na moja.
Daftarini niliacha tarakimu ya zamani,
mimi ninayewatoza watu faini kwa gramu arobaini.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka.
Tulifika hadi tuta la geti.
Tumbo la gari likakaa juu yake kama kuku anayeatamia,
magurudumu ya nyuma yakizunguka, moshi, aibu.
Mlinzi akaja. Muuza maziwa akaegesha baiskeli.
Halafu Bwana Ombima, na pajama yake ya mistari,
akalizunguka gari mara moja bila salamu,
akainama, akashika fremu chini ya pua.
"Moja, mbili..."

Likainuka. Likavuka.
Alijifuta mikono kwenye pajama,
akatazama viganja vyake kana kwamba vimemdanganya.
"Ni jepesi hivi?"

Barabara ya Kangundo ilikuwa tupu.
Gari lisilo na paa huijua mvua kabla ya watu wengine,
nayo ilianza, tone moja moja, usoni.
Ayuma alikuwa anapiga kelele kitu fulani.
Sikusikia. Nikaweka gia ya nne.